Tuhame na Maswali Yetu

Manung'uniko ya kuhama kanzidata yanafanana kila maktaba. Ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi, mbona mnaibadilisha? Vitufe vimekwenda wapi? Nani atanirudishia utafutaji niliouhifadhi tangu mwaka juzi? Na liko la mwisho, ambalo mtu hulisema moyoni tu: mimi ndiye niliyekuwa naulizwa na kila mtu hapa, leo nami nikae kiti cha mwanafunzi?

Wakutubi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ufamasia mnaopanga foleni pale dawatini kwetu wiki ya kuwasilisha mapendekezo ya utafiti: naomba tuhame kwa hamu. Barua ya mkurugenzi imeshatoka na mkataba wa zamani unakwisha, kwa hiyo kuhama tutahama tu. Kinachobaki mikononi mwetu ni namna ya kuhama. Tunachokiacha nyuma ni vitufe, rangi za ukurasa na njia za mkato tulizojizoesha. Swali la mgonjwa aliyelala wodini tunakwenda nalo. Na tukisema kweli, wengi wetu tulikuwa tumeacha kuliuliza vizuri swali hilo siku nyingi. Maneno matatu kwenye kisanduku, ukurasa wa kwanza wa majibu, makala nne zimepakuliwa, kazi imekwisha.

Mazoea yana taabu, walisema wazee, na katika kazi yetu taabu hiyo inaweza kuua. Mwaka 2001, watafiti wa pumu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walimpa dawa ya hexamethonium mwanamke wa miaka 24, mzima wa afya, aliyejitolea kushiriki utafiti wao. Aliivuta kwa pumzi. Mapafu yake yakaharibika, na tarehe 2 Juni akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta kabla ya kuanza: alipekua PubMed, akafungua na vitabu vya kiada vinavyojulikana. Lakini PubMed ya wakati ule ilikuwa inaanzia mwaka 1966, na makala zilizoeleza madhara ya dawa ile kwenye mapafu zilichapishwa miaka ya 1950. Wakutubi walioifuatilia habari hiyo baada ya msiba walizikuta. Julai mwaka uleule, serikali ya Marekani ikasimamisha kwa muda karibu utafiti wote wa binadamu iliokuwa ikiugharimia chuoni pale.

Hebu litazame swali ambalo lingeweza kubadilisha mambo. Halihitaji shahada ya udaktari: kanzidata hii inaanzia mwaka gani? Aliyezoea hawezi kuliuliza, maana kwake kanzidata ndiyo ulimwengu wote. Mgeni huliuliza kwanza kabisa. Ndiyo maana nasema mwezi huu wa kuhama ni mwezi wa dhahabu: sote tumekuwa wageni kwa wakati mmoja, na maswali ambayo jana yangetuaibisha leo ni ya kawaida.

Kwa hiyo anza na jaribio la nyumbani. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo uliwakumba watu wa uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Mwaka 1955 taarifa zake zikachapishwa katika jarida la chama cha tiba ya kitropiki kule London, na dunia ikaanza kuijua chikungunya. Nusu karne baadaye, mwaka 2004, ugonjwa uleule ukazuka Lamu na Mombasa, ukavuka kwenda Komoro, kisha ukaangukia kisiwa cha Réunion na kumuuguza takriban mtu mmoja katika kila watatu. Madaktari waliohitaji kujua ugonjwa huu ulianza vipi walilazimika kurudi kwenye karatasi zile za 1955. Je, kanzidata yetu mpya inazo? Siku ya kwanza, kabla hujajifunza kitu kingine chochote, zitafute. Ukizikosa, umeshajua mpaka wa nyumba unayohamia, na utawaambia wasomaji wako mapema.

Tena msidhani sisi ndio wa kwanza kuhamishwa. Kazi hii imekuwa ya kuhama tangu mwanzo wake. Mwaka 1879 John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akiendesha maktaba ya idara yake, alianza kuchapisha Index Medicus, faharasa ya makala za tiba. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa kazi yetu walipekua majuzuu yake kwa kidole. Mwaka 1964 ikaja MEDLARS: unajaza ombi, linapelekwa kwenye kompyuta, unasubiri wiki kadhaa upate orodha iliyochapwa. Mwaka 1971 ikaja MEDLINE, ikiwa na majarida 239, na ilionekana ajabu kwamba watu 25 wangeweza kuitumia kwa wakati mmoja. Kufikia miaka ya 1990 MEDLINE ilikuwa imeingia kwenye diski za CD, na wakutubi wa siku hizo wanakumbuka jinsi diski ile moja ilivyolindwa kabatini kama hati ya kiwanja. Tarehe 26 Juni 1997, Makamu wa Rais wa Marekani Al Gore alionyesha hadharani namna ya kutafuta MEDLINE bila malipo kupitia PubMed. Hapo mwanafunzi wa Moshi au Eldoret akawa na haki ya kuuliza sawasawa na profesa wa Boston, ingawa intaneti yetu ilikuwa bado ya setilaiti, ya bei ya kuruka na mwendo wa kobe, hadi mkongo wa SEACOM ulipofika pwani yetu mwaka 2009.

Na mwaka 2020 PubMed yenyewe iliuweka kando ukurasa wake wa zamani na kuwahamishia watu kwenye mpya. Walilalamika kweli. Leo ukimwonyesha mwanafunzi wa mwaka wa pili picha ya ukurasa ule wa zamani, atakuuliza ni kitu gani.

Sasa tuingie jikoni. Mpishi aliyetoka kwenye mkaa akapewa jiko la gesi hapotezi mapishi yake, ila siku ya kwanza haondoki karibu na sufuria. Nasi yapo mambo ya kusimamia kwa karibu, na kubwa kuliko yote ni vichwa vya mada. Kila makala inayoingia MEDLINE hubandikwa vichwa kutoka MeSH, orodha ya istilahi inayotunzwa tangu 1960 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Embase, iliyozaliwa kutokana na Excerpta Medica ya Amsterdam, ina orodha yake, Emtree. Hizi ni orodha mbili za watu wawili waliokaa mbali. Chukua dawa ambayo kila nyumba ya Afrika Mashariki inayo kwenye droo: MeSH inaiita acetaminophen, Emtree inaiita paracetamol. Ukibeba utafutaji wako mzimamzima kutoka kanzidata moja na kuubandika kwenye nyingine, hautapiga kelele kwamba umekosea. Utakupa majibu, nawe utaridhika nayo. Hapo ndipo hatari ilipo, maana kosa linalotoa majibu ni baya kuliko kosa linalotoa ukurasa mtupu.

Au chukua malaria. Ndani ya PubMed ukitafuta kwa kichwa cha mada "Malaria", mfumo unakuchukulia na matawi yake yote: malaria ya falsiparamu, ya vivaksi, ya ubongo. Hukuomba, umepewa. Hamia kwenye MEDLINE ya Ovid, andika kichwa hichohicho, usahau kutanguliza zile herufi tatu, exp, na matawi yote yanakatika. Utapata makala zilizobandikwa "Malaria" tu. Kanuni ya wanaoainisha makala ni kubandika kichwa mahususi kuliko vyote kinachofaa, kwa hiyo utafiti wa falsiparamu huenda usiwe na kichwa kile cha jumla kabisa. Sisi huku, malaria yetu karibu yote ni falsiparamu. Herufi tatu zimesahauliwa na ugonjwa wetu umetoweka kwenye orodha, huku skrini inang'aa kama kawaida. Mwanafunzi anaandika katika tasnifu yake kwamba "tafiti ni chache". Msimamizi anatia saini.

Ninapofika hapa ndipo najivunia kazi hii. Hakuna mtu mwingine hospitalini anayelipwa kujua jambo hilo. Daktari bingwa halijui na hatumlaumu, ana wagonjwa arobaini. Fundi wa kompyuta analinda mtambo. Ni wewe mkutubi, na usipojua wewe basi taasisi nzima haijui. Kwa hiyo ukae na kanzidata mpya hadi ujue alama yake ya kukatia neno, ujue inavyosoma maneno yaliyofungwa kwa alama za nukuu, na ujue unavyoiambia kwamba maneno mawili yakae karibu. Ifahamu kama unavyofahamu rafu zako.

Utajuaje kwamba umehama salama? Iko njia ya zamani na haina gharama. Kusanya makala kadhaa ambazo una hakika ni za lazima kwa swali fulani, kisha tafuta upya kwenye kanzidata mpya bila kutaja majina yake, uone kama zinatokea. Zisipotokea, kosa liko kwenye utafutaji wako au kwenye kanzidata, na utalitafuta mpaka ulipate.

Kwa wodi zetu za watoto, makala ya lazima naijua. Ni ya utafiti uitwao FEAST. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye maambukizi makali na dalili za mzunguko hafifu wa damu aongezewe maji ya mshipa haraka na kwa wingi. Watafiti walilipima jambo hilo katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda, Kilifi na Muheza zikiwemo, kwa watoto 3,141. Matokeo yalitoka mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Miongoni mwa waliopewa maji ya haraka, zaidi ya asilimia 10 walifariki ndani ya saa 48. Miongoni mwa wasiopewa, ilikuwa asilimia 7.3. Jibu lilikwenda kinyume na vitabu, na lilitoka kwenye vitanda vyetu wenyewe.

Sasa tazama kichwa cha makala hiyo: kinataja vifo, maji ya haraka, watoto wa Kiafrika na maambukizi makali. Hakina neno "shock" wala "sepsis", na hayo ndiyo maneno ambayo daktari kijana wa zamu ya usiku atayaandika kwanza. Akitafuta kwenye vichwa vya makala tu, hataiona. Akitafuta kwenye ikisiri na vichwa vya mada pia, itamjia. Tofauti hiyo ni kitufe kimoja, na kitufe hicho kwenye mfumo mpya kimehamishwa. Ndiyo maana mafunzo ya nusu saa yenye maswali ya kweli kutoka wodini yanashinda semina ya siku nzima yenye slaidi za muuzaji. Slaidi za muuzaji, niseme tu, huwa zinatafuta "kisukari" na kila kitu kinapatikana.

Mkiwa bado mnadhani kutafuta ni kazi ya karani, msikilizeni huyu. Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago alisomea fizikia, akawa mkuu wa shule ya ukutubi ya chuo hicho. Hakuwa daktari, hakuwa na maabara wala panya. Alisoma makala za ugonjwa wa Raynaud, ule unaofanya vidole vikose damu penye baridi, akaona zinavyotaja damu yenye unato mwingi. Akasoma kundi jingine la makala, za mafuta ya samaki, akaona zinasema mafuta hayo hupunguza unato wa damu. Makundi hayo mawili hayakuwa yakitajana. Waandishi wa huku hawakuwa wakiwasoma wa kule. Mwaka 1986 Swanson akachapisha hoja kwamba mafuta ya samaki yanaweza kuwafaa wagonjwa wa Raynaud, na mwaka 1989 jaribio la kitabibu likaonyesha nafuu kwa baadhi yao. Mwaka 1988 alikuwa ameshafanya vilevile kwa kipandauso na magnesiamu. Silaha zake zilikuwa kanzidata, kalamu, na ukaidi wa kuuliza mara ya pili kwa maneno tofauti.

Sasa jiulize: ni makundi mangapi ya namna hiyo yamelala leo yanayohusu selimundu, sumu ya nyoka, ugonjwa wa kudhoofika kwa moyo baada ya kujifungua, dawa za mitishamba tunazozitumia kila kijiji? Nani ameketi karibu nayo kuliko sisi?

Yako malalamiko ambayo ni ya haki, na hayo msiyameze. Majarida mengi ya Afrika hayamo MEDLINE, na kanzidata mpya ya bei kubwa inaweza ikawa imeyaacha vilevile. Basi fungueni pembeni yake African Index Medicus, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na AHILA, umoja wa maktaba za afya Afrika, kwa sababu wakutubi wa bara hili waliona pengo hilo mapema. Fungueni AJOL, iliyoko Afrika Kusini, yenye majarida yetu ya Dodoma, Nairobi na Ibadan. Ada nayo ni kilio cha haki. Kabla hatujasaini kulipia kitu, tuhakikishe hatukipati bure: Hinari ipo tangu 2002, na taasisi za afya za Tanzania zilizojisajili haziilipii. Inasikitisha kuona chuo kinalipia jarida ambalo nenosiri lake la bure limelala kwenye daftari la mkutubi aliyestaafu.

Wanaosema Google inatosha niwajibu kwa upole. Google Scholar ni msaidizi mzuri wa kuanzia, nami naitumia. Lakini haikuonyeshi zaidi ya majibu elfu moja, haina vichwa vya mada, na utafutaji wa leo hauna uhakika wa kurudia majibu yaleyale kesho, jambo ambalo mapitio ya kimfumo hayawezi kulivumilia. Na wale wanaoiuliza akili mnemba iwape marejeo, wengine wameshafika dawatini kwetu na makala ambazo hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Tunazitafuta nao kwa heshima, tunazikosa pamoja, halafu tunaanza somo.

Wiki hii, kabla ya mfumo wa zamani kufungwa, hamisheni historia zenu. Mikakati ya utafutaji mliyohifadhi haitavuka yenyewe. Inakilini kwenye faili la kawaida, na mwandike juu yake tarehe na jina la kanzidata. Marejeo yapakuliwe na kuingizwa Zotero, ambayo ni bure. Arifa za makala mpya ziandikwe upya moja baada ya nyingine, na katika kuziandika mtagundua nyingine zilikuwa zinatafuta swali ambalo hakuna tena anayeliuliza. Hizo zifutwe bila huruma.

Kisha Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne, mkutubi mmoja apande wodini, si simu wala barua pepe, apande kwa miguu yake, aombe kwa muuguzi mkuu na daktari wa zamu swali moja lililowashinda mwishoni mwa wiki. Alishushe maktabani jinsi lilivyo. Tulitafute wote kwenye kanzidata mpya, wanafunzi wakitazama, kwa istilahi yake, kwa matawi yake, kwa miaka yake yote. Tukiwa hapohapo tujaribu FEAST na zile karatasi za chikungunya za 1955. Mojawapo ikikosekana, na baada ya kujikagua tukakuta sisi hatujakosea, mpigieni muuzaji siku hiyohiyo. Muda wa majaribio bado haujaisha na saini ya malipo bado haijawekwa.